Kigoda Kisichogeuzwa

"Ndicho," alisema Mzee Bujiku kutoka nje ya mlango. "Ndicho chenyewe. Haya, kifunikeni."

Sajenti Philomena Salu hakukifunika. Aliliacha gunia pale sakafuni, akakizunguka kigoda taratibu. Kilikuwa kimesimama katikati ya chumba cha vielelezo, kituo cha polisi Bariadi, kati ya baiskeli mbili za wizi na mzigo wa bangi. Kilikuwa cheusi kwa moshi na samli, cha miguu mitatu, chenye egemeo refu lililochongwa kwa nyuma sura ya mtu aliyekunja mikono kifuani. Mguu mmoja ulikuwa na ufa, na ufa ule ulibanwa kwa waya wa shaba uliozungushwa kutoka juu hadi chini.

"Mzee wangu, ingia ukitazame vizuri."

"Nimeshakiona."

"Umekiona ukiwa mlangoni."

"Tangu nizaliwe nakiona nikiwa mlangoni. Baba yangu naye alikiona akiwa mlangoni. Wewe mtoto wa kule Mkula, kwenu hamna wakubwa?"

Konstebo Selestini, dereva wa kituo, alicheka kidogo, kisha akajikohoza ili isionekane amecheka.

Hapo ndipo kesi ilipokuwa imekwama. Utemi, yaani uchifu, ulifutwa zamani, mara tu baada ya uhuru, ila hakuna aliyekwenda Mwandulu kukifuta kigoda cha mtemi. Kilibaki kwa ukoo wa Maige, chumbani kwa mkubwa wa ukoo, na hakuna aliyekikalia isipokuwa mrithi siku anaposimikwa. Hakuna aliyekishika pia, ila mtu mmoja tu: sengi, yaani shangazi wa ukoo, ambaye kila mwaka baada ya mavuno hukipaka samli. Sengi wa sasa alikuwa mama mzee anayeitwa Milembe, dada wa marehemu Joakim Maige. Na siku ile Milembe alikuwa anangojea kuuawa.

Hakuna aliyelitamka neno hilo, lakini nani asiyejua? Joakim alikunywa uji jioni, tumbo likamshika, kulipopambazuka hayupo. Uji ulipikwa na Milembe. Msiba haujapoa, kigoda kikakosekana chumbani kwa marehemu. Kikatafutwa mji mzima, kikaonekana uvunguni mwa kitanda cha Milembe, kimefunikwa ngozi ya ng'ombe. Macho ya yule mama yalikuwa mekundu, maana maisha yake yote amechochea moto wa mavi ya ng'ombe. Watu wakaunganisha uji na kigoda na macho. Na kule watu wakishaunganisha mambo namna hiyo, mama mzee hafiki msimu wa pamba unaofuata. Dagashida, mkutano wa sungusungu, ulipangwa kukaa saa kumi siku hiyo hiyo.

Jana yake Philomena alikwenda Mwandulu kumchukua aje kukaa Bariadi. Akakataa katakata. Matanga ya kaka yake hayajaanuliwa, yeye aende wapi? Basi Philomena akachukua kigoda kama kielelezo, akamwacha Milembe mikononi mwa kamanda wa sungusungu, Sylvester, mtoto wa marehemu, ambaye aliapa mbele ya watu kwamba hakuna atakayemgusa sengi yake kabla ya kikao. Hayo maneno, kabla ya kikao, yalimkera Philomena usiku mzima.

Lilimkera na jingine. Mtu mwenye ruhusa ya kukishika kigoda na kukipaka mafuta, akiibe cha nini? Akifiche kwenye nyumba anayolala, halafu akifunike ngozi? Au hicho kilichofichwa si chenyewe?

Mpaka asubuhi ile alikuwa anamshuku Bujiku mwenyewe. Mzee huyu wa ukoo wa Maige alikuwa na ugomvi wa malisho na marehemu, ugomvi wa miaka, na ndiye aliyeng'ang'ania zaidi ya wote kwamba kigoda kisiguswe. Alipanda Land Rover ya polisi akakaa nyuma pamoja nacho, akisema Guku, yaani babu, kama walivyokiita kigoda, hasafiri peke yake. Usiku alilala barazani mwa kituo, kwenye saruji tupu, mgongo wake ukiziba mlango wa chumba cha vielelezo. Philomena alimkuta hapo alfajiri akitetemeka kwa baridi, akamwondoa kwenye hesabu zake. Mzee anayejua kwamba kitu ni cha uongo halali kwenye saruji kukilinda.

"Selestini, funga dirisha," alisema sasa. "Nakigeuza."

"Afande, usifanye hivyo."

"Wewe si ulisema umeokoka?"

"Nimeokoka, ndiyo. Lakini mimi ni Msukuma."

Bujiku alisikia. Alijifunika uso kwa shuka lake, akajivuta mpaka mwisho wa baraza. Philomena alikishika kigoda kwa mikono miwili. Alibatizwa, alipata kipaimara, alivaa rozari ndani ya sare, na bado vidole vilikuwa vizito. Aliogopa, tena waziwazi. Kisha akakipindua miguu juu.

Hakuna kilichotokea. Dirishani nzi aliendelea kujigonga kwenye kioo.

Chini ya kalio mti ulikuwa mweusi kama juu. Alipitisha kidole, kikatoka na masizi. Akapitisha kingine, nacho kikatoka na masizi. Moshi wa miaka ukichanganyika na samli hugandamana na mti, hautoki kwa kidole, utakwangua mpaka uchoke. Alichukua wembe akauingiza kwenye ufa wa mguu. Ukazama sawasawa, juu kama chini. Mti ukipasuka wenyewe, ufa huanza mpana ukaenda ukinywea, ukapinda kufuata nyuzi za mti. Huu ulinyooka kama uliopigiwa kamba, kwa sababu ulikatwa kwa msumeno.

"Njoo utazame waya."

Selestini alisogea kwa shingo, miguu ikabaki pale pale. Philomena akakwangua waya kwa wembe. Ngozi ya kahawia ikabanduka, chini yake shaba ikang'aa mpya kabisa.

"Aa! Hiyo waya ya mota, afande!" Mara akasahau woga, akainama. "Hiyo ngozi ni vanishi. Pale gineri, kiwandani kwa pamba, mota zikiungua wanatoa mafundo mazima wanatupa nyuma ya ukuta. Hata mimi nimefungia bamba la baiskeli yangu."

"Na waya wa zamani?"

"Wa zamani ulivutwa kwa mkono. Huku mnene, huku mwembamba. Tena hauna vanishi, vanishi waitoe wapi?"

"Basi kigoda hiki mwanangu wa darasa la pili amekizidi umri."

Selestini alipiga makofi. "Mama kapona! Twende tukawaambie!"

"Tukawaambie nini?"

"Kwamba hiki bandia."

"Watauliza cha kweli kiko wapi. Wa kwanza kuulizwa nani?"

Selestini alishusha mikono.

"Watasema amekigeuza," alisema Philomena. "Mchawi hashindwi kitu. Alikuwa na kesi ya kuiba kigoda, sasa tumpe na kesi ya kukiyeyusha. Mpaka nijue kilikokwenda, huu wembe wangu hauna maana yoyote kule." Alikisimamisha tena kigoda, akakigeuza uso kuelekea mlangoni. "Yule mnunuzi wa vinyago bado yupo gesti?"

"Constantine? Yupo. Juzi juzi tu nilimwona mnadani Nyashimo, kajaza pikapu."

"Alikuwa anavinunuaje?"

Selestini akamweleza, na Philomena akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu alitoka barazani, akachuchumaa mbele ya Mzee Bujiku.

"Baba, nakuomba kitu kimoja. Atakuja mtu hapa. Mimi nitasema uongo, tena uongo mbaya, juu ya ukoo wako. Wewe nyamaza. Ukinyamaza, Guku atapatikana, au tutajua alipo."

Mzee alivuta shuka lake mabegani. "Wanawake wa siku hizi," alisema. Lakini hakusema hapana.

*

Ilikuwa enzi ya ruksa, na kila aliyekuwa na gari alikuwa mnunuzi. Msimu ule ndio wa kwanza watu binafsi kuruhusiwa kununua pamba, wakaja na mizani zao na turubai zao, kila mti wenye kivuli barabarani una karani chini yake. Wengine walinunua ngozi. Constantine, mtu wa Mwanza, alinunua vigoda, mitungi ya kibuyu, vinu, milango mizee, chochote ambacho babu ya mtu alikishika. Kilichokuwa takataka jana, leo kina bei. Watu walimcheka, wakampa, wakachukua chao.

Alifika kabla ya adhuhuri, shati jeupe, kalamu mfukoni, amepaka mafuta mazuri kichwani.

"Serikali ikiita tunaitika, afande."

"Ahsante kwa kuja. Tuna kesi ya wizi, na hati ya mashtaka haiendi mahakamani bila thamani ya mali. Hapa Bariadi nani mwingine anajua vitu hivi?"

Alifurahi. Alisimama hatua chache mbele ya kigoda, mikono mfukoni, akainamisha kichwa upande.

"Loo. Afande, vigoda havilingani. Kile cha mama jikoni kaa, choka nacho, choma. Cha mzee wa mji, hicho kinanunulika kidogo. Lakini ukiona egemeo, ukiona na sura mgongoni, hapo usimame. Hicho ni cha mtemi. Ni mninga huu, mti hauliwi na mdudu. Na weusi huo si rangi, ni miaka. Wazungu wanautafuta weusi huo, hawawezi kuutengeneza kwao."

"Kwa hiyo ni chenyewe?"

"Mia kwa mia."

"Thamani yake?"

"Hapa kwetu? Andika ng'ombe kumi. Huko nje zaidi, lakini wewe andika kumi."

Philomena aliandika. Kisha akafunga kalamu. "Una bahati. Ukoo wamesema kigoda kimenajisiwa, hawakitaki tena kikanyage Mwandulu. Wanauza. Mzee wao huyo hapo barazani. Toa ng'ombe kumi, nami nitakuombea kwa mkuu wa kituo, kesi ikiisha tu unakichukua."

Barazani Bujiku aliinuka nusu, akarudi akakaa.

"Ah, afande." Constantine alicheka. "Mtaji kwa sasa umebana."

"Wamesema hata watano."

"Na gari limejaa."

"Watatu."

"Unajua mambo ya mila haya, kuna vibali, makumbusho..."

"Mmoja. Ndama mmoja, Constantine. Dume la mwaka jana."

Constantine alitazama mlango. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo.

"Mnadani Nyashimo," alisema Philomena, "bibi mmoja alikuletea kigoda cha jikoni, kimeliwa na mchwa. Dereva wangu alikuwepo. Ulikipindua miguu juu mbele ya watu wote, ukakinusa chini, ukakikwangua kwa ukucha, watu wakacheka. Ndivyo unavyofanya kila kigoda, siyo? Ndiyo kazi yako. Leo nimekuwekea cha mtemi, umekisifia weusi wake na mti wake, mikono iko mfukoni. Wazee wa Mwandulu hawakigusi kwa heshima. Wewe hukigusi kwa nini?"

"Nimezoea. Macho yanatosha."

"Basi kigeuze, kwa ajili yangu mimi nisiyejua."

Constantine alikitazama kigoda. Hakusogea.

"Hukigeuzi kwa sababu unajua kilichoko chini," alisema Philomena. "Na ungesema tu ni bandia ukaenda zako, maana wewe ni mtaalamu. Lakini umesema mia kwa mia. Ni nani anayetaka watu waamini kigoda cha Mwandulu kimeshapatikana, kama si mtu aliyekipeleka mbali?"

Selestini alikuwa amesimama mlangoni, mwili mzima umeziba njia. Constantine alitafuta pa kukaa, akakuta mzigo wa bangi, akakaa hapo hapo.

"Sikuiba," alisema. "Niliuziwa. Ruksa si ruksa?"

"Uliuziwa na nani?"

"Mwanzo nilimwendea mzee mwenyewe, kwa adabu zote. Nikampa heshima yake. Akaniambia, kijana, unakuja kumnunua babu yangu? Akachukua fimbo. Alinikimbiza mpaka barabarani, afande, mzee yule, mpaka nikaangusha kiatu. Mtoto wake ndiye aliyeniletea kiatu garini."

"Sylvester."

"Aliniambia nisiondoke, nivumilie kidogo. Alisema baba yake mgonjwa."

Philomena aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Mzee aliyekukimbiza mpaka barabarani?"

"Ndiyo hivyo nakwambia. Nilishangaa, nikajua labda presha. Siku chache tu nikasikia msiba."

"Ukamwambia nani?"

"Nani aliniuliza?"

Philomena alitamani kumpiga kofi. Alishika ukingo wa meza mpaka hamu ile ikapita. "Kigoda kiko wapi?"

"Kimevuka mpaka wa Namanga zamani. Sasa hivi nadhani kimeshapanda ndege. Hiki nilimchongeshea mimi, Mwanza, kwa picha. Alisema anataka wazee wasihangaike, wakione tu pale pale kilipokuwa. Waya akasema ataufunga mwenyewe. Mambo ya kukiweka kwa yule mama mimi sijui, Mungu wangu shahidi, nimeyasikia hapa Bariadi."

"Ulimlipa nini?"

"Mashine ya kusaga. Ile ya dizeli."

Philomena aliisikia jana ile mashine, ikinguruma nyuma ya nyumba ya marehemu. Akaambiwa kamanda amevuna pamba vizuri. Sasa alijua kwa nini Milembe ndiye aliyechaguliwa. Katika ukoo mzima ni mtu mmoja tu ambaye mikono yake inakijua kigoda, na baada ya mavuno angekuja na samli yake akakipapasa. Hiyo mikono ilibidi isiwepo. Na yeye Philomena, kwa ujanja wake wote wa wembe, alikuwa amemkabidhi yule mama kwa Sylvester na kumwambia ahsante.

"Mfungie huyu ndani," alisema. "Washa gari."

Alipotoka na kigoda ndani ya gunia, Bujiku alikuwa amesimama. Amesikia yote.

"Baba, nakuomba tena," alisema Philomena. "Tukifika, jina usilitaje kwanza. Mpaka niwe nimemfunga pingu."

Mzee alipanda nyuma ya Land Rover, na safari hii hakukishika kigoda. Alikaa upande wa pili, ameangalia nje.

*

Waliisikia sauti kabla hawajafika. Mwano, ile kelele ya kuitana ya sungusungu, ilitoka upande wa Mwandulu, ikapokewa upande wa pili wa mbuga, ikapokewa tena mbali zaidi. Wanaume walikuwa wanakata mashamba ya pamba kwa miguu, pinde mabegani, bila kugeuka kulitazama gari la polisi.

"Saa nane hii," alisema Selestini. "Si walisema saa kumi?"

"Endesha."

Dagashida ilikuwa imekaa uwanjani mbele ya mji wa marehemu. Wanaume walichuchumaa nusu duara, mapanga yamelala magotini. Katikati, juani, Milembe alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, kichwa wazi. Kitambaa chake cha msiba walikuwa wamemvua. Alikuwa hai. Philomena alishuka gari likiwa bado linatembea.

"Mwadila banamhala," aliwaamkia wazee.

Waliitikia, maana salamu haikataliwi. Sylvester alikuja mbele, filimbi shingoni, ameshika usinga wa ukamanda. Alikuwa kijana mzuri wa sura, mtulivu, sauti ya chini.

"Karibu afande. Tumeona tuwahi, mawingu yanakusanyika. Tunamaliza sasa hivi."

"Subirini kwanza. Kigoda nimekileta."

Alikitoa kwenye gunia, akakipindua miguu juu mbele ya watu wote. Mguno ulipita uwanja mzima, wengine wakafunika macho. Alipitisha kiganja chini ya kalio, akakiinua kiganja cheusi wakione. Akakwangua waya. Akawaita waje watazame ufa, na hakuna aliyekuja.

"Hiki kimechongwa Mwanza juzi," alisema. "Hiki si cha kwenu."

Mmoja akauliza kutoka nyuma, kama Philomena alivyojua wangeuliza: "Sasa chetu mchawi kakipeleka wapi?"

"Naam," alisema Sylvester taratibu. "Sengi, umekipeleka wapi?"

Philomena alikuwa ameshaanza kumsogelea, pingu ndani ya kiganja. Zilibaki hatua chache tu. Lakini Bujiku alikuwa ameshuka garini, naye alikuwa mzee wa ukoo, hakungoja ruhusa ya polisi.

"Mnauliza Guku yuko wapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakanyamaza ili waisikie. "Mahindi ya matanga mmesagia wapi?"

Alisogea mpaka mbele ya mstari wa kwanza.

"Nauliza. Ugali wa msiba wa Joakim unga wake ulitoka wapi?"

"Mashineni kwa kamanda," alisema mtu.

"Basi. Huyo ndiye Guku. Sylvester kampa mnunuzi, kapewa mashine. Mmemsaga, mmemsonga, mmemla na maziwa. Hata mimi nimemla."

Mzee alilia. Philomena hakuwahi kuona mwanamume wa umri ule akilia mbele ya dagashida, na pengine hata wao hawakuwahi. Mtu mmoja aliinama akaanza kutapika. Kisha mwano ukapigwa, karibu, masikioni mwao, na mapanga yote yakainuka kutoka magotini.

Sylvester hakungoja. Alitupa usinga, akakimbilia mlango uliokuwa karibu zaidi, na mlango huo ulikuwa wa nyumba ya Milembe. Philomena alifika nyuma yake, akageuka, akaziba mlango kwa mwili wake. Bunduki ilikuwa garini kwa Selestini. Selestini alikuwa upande wa pili wa watu.

"Huyu ni wangu!" alipiga kelele. "Ni mtuhumiwa wa serikali!"

"Toka afande. Hatuna ugomvi na wewe."

Walikuja kimya kimya, na huo ukimya ndio uliomtisha. Hapo ndipo akamwona Milembe. Yule mama alikuwa ameinuka, amekiokota kigoda kwa mguu mmoja kama mtu anayebeba kuni, anapita katikati ya wanaume, nao wanampisha bila kupenda. Alifika mlangoni. Alikipapasa kigoda kidogo, egemeo, kalio, waya, uso wake ukakunjamana kama aliyeonja kitu kichungu. Halafu akakiweka chini mbele ya kizingiti, akakikalia.

Mwanamke. Juu ya kigoda cha mtemi. Mstari wa mbele ulirudi nyuma wenyewe.

"Mnaogopa nini?" aliuliza. "Hii ni kuni. Nimeijua nilipoishika, na ningewaambia siku ile ile mngeniacha niishike." Alivuta pumzi. "Mnataka kumkata. Mimi ni sengi yake, mimi ndiye nilimpokea anazaliwa, nami leo ningemkata kabla yenu. Lakini uji wa kaka yangu niliupika mimi. Kuna aliyeutia kitu ulipotoka mikononi mwangu, naye yumo humu ndani nyuma yangu. Mkimkata kabla hajasema, nani atasema? Mimi nitabaki mchawi. Leo mtanipenda, mwakani mtoto wa mtu akiumwa mtanikumbuka. Mwacheni aseme."

Mapanga hayakushuka, lakini hayakusogea pia.

"Sema, mwana wa kaka," alisema Milembe bila kugeuka. "Wote wanasikia."

Ndani kulikuwa giza. Philomena aliisikia pumzi ya Sylvester, ya haraka, kisha polepole, kisha ya kawaida kabisa. Kijana alikuwa anafikiri. Alikuwa ameelewa kitu kile kile alichokielewa shangazi yake.

"Kigoda niliuza," sauti yake ilitoka, ya chini, tulivu. "Nimekosa, wazee wangu, nihukumuni kwa hilo. Lakini baba sikumuua mimi. Ninyi wenyewe mmemsikia. Uji alipika nani?"

Philomena alitazama nyuso za wale wanaume, akaona macho yao yakitoka mlangoni, yakishuka pole pole mpaka kwa mama mzee aliyekaa kizingitini kwenye kigoda cha mtemi, mahali ambapo mwanamke hakai.

Aliingia ndani, akamfunga Sylvester pingu. Hakupingana naye hata kidogo, alinyoosha mikono mwenyewe. Selestini alikuwa ameshalivuta gari mpaka ukutani, bunduki mkononi, akampakia nyuma na kufunga mlango.

"Mama, panda na wewe," alisema Philomena. "Mbele, pamoja na dereva."

"Matanga hayajaanuliwa."

"Sengi, nakusihi."

"Nikipanda gari hilo, nimekimbia. Aliyekimbia amekiri."

Philomena aliutazama uwanja. Wachache walikuwa wamekaa tena. Wengi walikuwa bado wamesimama, na hakuna hata mmoja aliyeanza kwenda kwake.

"Selestini, mpeleke huyu Bariadi," alisema. "Mwambie mkuu wa kituo alete askari asubuhi. Bunduki niachie. Mimi nalala hapa."